Sonona si Imani Haba: Mwili, Mchochota na Tiba za Haraka

(Hii ni hotuba ya Mratibu wa Miradi wa Dayosisi katika semina ya kamati za Diakonia za sharika. Tumeichapa karibu yote kama ilivyotolewa.)



Nilipoombwa kuzungumza juu ya ugonjwa wa sonona, nilikuwa na barua mbili mezani ambazo sijazijibu. Ya kwanza ilitoka kwa rafiki yetu wa ng'ambo. Anaeleza kwamba siku hizi kuna dawa ya sonona kali inayompa mgonjwa nafuu kwa saa chache badala ya wiki nyingi, na anauliza kama usharika wake uchangishe fedha tuilete katika dayosisi yetu. Barua ya pili ilitoka kwa kamati ya usharika wetu mmoja wa kijijini. Inaomba nauli kwa ajili ya wagonjwa watano wanaohudhuria kliniki ya afya ya akili katika hospitali ya wilaya. Nitazijibu zote mbili leo mbele yenu, kwa sababu naamini zinahusu jambo moja.

Mimi si daktari. Yale ya kitabibu nitakayoyasema nimemwomba daktari ayapitie kwanza, na pale ambapo wataalamu wenyewe hawajakubaliana nitawaambia hivyo.

MZEE WA KANISA ALIYEACHA KUJA IBADANI

Naanza na habari ambayo mwenyewe ameniruhusu niisimulie bila kutaja jina lake wala usharika wake.

Alikuwa mzee wa kanisa, mkulima hodari, mtu ambaye hakuwahi kukosa kikao. Aliugua kifua kikuu, akameza dawa kwa miezi sita bila kuruka hata siku moja, na mwisho hospitali ikamwambia amepona. Lakini hakurudi alivyokuwa. Aliacha kwenda shambani. Aliacha kula na wenzake. Mke wake alisema anaamka saa nane za usiku na kukaa kitandani mpaka kunakucha. Jumapili hakuonekana tena.

Kamati ilimtembelea mara tatu, nami nilikuwa miongoni mwa waliokwenda. Mara ya kwanza tulimwombea. Mara ya pili tulimshauri aitengeneze njia yake na Mungu, kwa kuwa tulidhani kuna dhambi anayoificha. Mara ya tatu tulimweleza kwa upole kwamba nafasi yake ya uzee wa kanisa atapewa mwingine. Baada ya majuma machache alijaribu kujitoa uhai. Ni mtoto wake wa darasa la tano aliyepiga kelele, na majirani wakawahi.

Leo ni mzima, anatibiwa, na mwaka huu amevuna. Nilipokwenda kumwomba radhi aliniambia, "Mratibu, mlikuja mara tatu, na hakuna hata mmoja wenu aliyeniuliza kama nalala usiku."

Kutoka siku alipoacha kuja ibadani mpaka siku alipomwona mtaalamu wa afya ya akili ilipita miezi 14. Naomba muishike hesabu hiyo. Nitairudia.

MWILI UNAPOUGUA, MOYO NAO HULALA

Kila mmoja wetu hapa amewahi kuumwa malaria. Kumbuka hali yako siku ile. Chakula hukitaki. Watoto wakicheka unaona wanakupigia kelele. Hutaki mgeni, hutaki kazi, hutaki hata kuoga. Unageukia ukutani ulale. Hakuna aliyekuambia kwamba imani yako imepungua. Walisema, "Anaumwa."

Hali ile haikuletwa na vimelea vya malaria peke yao. Sehemu kubwa ililetwa na kinga ya mwili wako mwenyewe. Mwili unapopambana na ugonjwa au jeraha hutokea kile ambacho wataalamu hukiita mchochota. Ukijichoma mwiba mguuni utauona: mahali pale panakuwa pekundu, pa moto, panavimba na panauma. Chembe za kinga zinapofanya kazi hiyo hutoa kemikali za kupelekeana habari, ziitwazo saitokini. Kemikali hizo husafiri katika damu, na habari zake hufika hadi kwenye ubongo. Ubongo unapozipokea hutoa amri: pumzika, jitenge, usile, usihangaike. Kwa siku chache amri hiyo inafaa, kwa sababu nguvu zote zinakwenda kupigana na ugonjwa.

Shida huanza pale mchochota usipozimika. Unabaki mdogo mdogo, kama makaa chini ya majivu, kwa miezi au miaka. Mtu hana homa wala uvimbe unaoonekana, lakini ubongo unaendelea kupokea amri ile ile. Hali hiyo hupatikana zaidi kwa watu wenye maradhi ya muda mrefu kama UKIMWI, kisukari, magonjwa ya moyo na baridi yabisi, na pia kwa watu wenye unene uliopita kiasi au waliopitia mateso makubwa utotoni. Watu hao hao ndio wanaopata sonona zaidi kuliko wengine.

USHAHIDI ULIPOONEKANA

Mnaweza kuuliza: tunajuaje kwamba mchochota ndio unaoleta sonona, na si kwamba mgonjwa anahuzunika tu kwa sababu anaumwa? Swali hilo ni zuri, na jibu lake lilitoka mahali pasipotarajiwa.

Kwa miaka mingi wagonjwa wa homa ya ini aina ya C na wa aina fulani za saratani walitibiwa kwa interferoni. Hiyo ni mojawapo ya zile kemikali za kinga, ila ilitengenezwa viwandani na kuingizwa mwilini kwa sindano. Madaktari wakaona kwamba wagonjwa wengi walioanza dawa wakiwa na moyo mkunjufu waliingia katika sonona baada ya majuma machache. Mwaka 2001 ulichapishwa utafiti wa Marekani uliofanywa kwa wagonjwa 40 wa saratani ya ngozi waliotakiwa kupewa interferoni kwa kiwango kikubwa. Nusu yao walianzishiwa mapema dawa ya kuzuia sonona, na nusu wakapewa vidonge visivyo na dawa. Katika kundi la vidonge visivyo na dawa, asilimia 45 walipata sonona kali. Katika kundi lililokingwa walikuwa asilimia 11. Hapo haikuwezekana tena kusema kwamba ni huzuni ya kuwa na saratani tu, maana saratani walikuwa nayo wote.

Hatua iliyofuata ilikuwa kujaribu kinyume chake: je, ukizima mchochota, sonona itaondoka? Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Emory, Atlanta, walichapisha jaribio lao kwa watu 60 ambao sonona yao ilikuwa imekataa dawa za kawaida. Waliwapa baadhi yao dripu ya infliksimabu, dawa kali ya kupunguza mchochota inayotumika kwa baridi yabisi, na wengine wakapewa dripu isiyo na dawa. Matokeo ya jumla yalikatisha tamaa, kwani makundi yote mawili yalikuwa sawa. Lakini watafiti walikuwa wamepima damu za wagonjwa kabla ya kuanza, wakitafuta protini iitwayo CRP, ambayo ini huitoa kwa wingi wakati wa mchochota. Wale waliokuwa na CRP nyingi walielekea kupata nafuu kwa infliksimabu. Wale waliokuwa nayo kidogo hawakufaidika, na hata walifanya vizuri zaidi kwa dripu isiyo na dawa.

Somo hapa ni kwamba sonona si ugonjwa wa namna moja. Uchambuzi wa tafiti nyingi umeonyesha kwamba takribani robo ya wagonjwa wa sonona wana dalili za mchochota katika damu. Hiyo ni sehemu kubwa, lakini si wote. Wapo ambao chanzo chao kikuu ni msiba, ukatili wa nyumbani, madeni, pombe, au urithi wa ukoo. Wengi wana sababu mbili tatu kwa pamoja.

DAWA ZINAZOFANYA KAZI HARAKA

Sasa nije kwenye barua ya rafiki yetu. Dawa za kawaida za sonona zinasaidia watu wengi, lakini hazina haraka. Mgonjwa humeza kwa wiki mbili, nne, sita, ndipo aone mabadiliko. Kwa mtu ambaye usiku wa leo anafikiria kufa, wiki sita ni mbali mno.

Dawa iliyobadilisha mawazo ya wataalamu ni ya zamani, na wauguzi wengi waliopo hapa wameishika kwa mikono yao. Ni ketamini. Ilitengenezwa Marekani mwaka 1962, na tangu mwaka 1970 imeruhusiwa huko kama dawa ya usingizi wa upasuaji. Imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani, na hospitali nyingi zisizo na mashine kubwa za usingizi huitegemea.

Mwaka 2000 watafiti wa Chuo Kikuu cha Yale walichapisha habari za wagonjwa wachache wa sonona waliopewa ketamini kwa kiwango kidogo kuliko kile cha upasuaji, wakapata nafuu ndani ya siku tatu. Mwaka 2006 watafiti wa taasisi ya serikali ya Marekani ya afya ya akili walirudia kwa wagonjwa 18 ambao dawa nyingine zilikuwa zimeshindwa. Dawa iliingizwa polepole kwenye mshipa kwa dakika 40. Baadhi walianza kupata nafuu kabla ya saa mbili kwisha, na kesho yake asilimia 71 ya waliopewa ketamini walikuwa wamepata nafuu kubwa. Lakini baada ya wiki moja ni asilimia 35 tu waliokuwa bado na nafuu hiyo. Dawa ilikuja haraka, na kwa wengi iliondoka haraka.

Mwaka 2019 mamlaka ya dawa ya Marekani iliruhusu esketamini, ndugu ya ketamini, ambayo hupulizwa puani. Hiyo ndiyo iliyotajwa katika barua. Mwaka huo huo iliruhusiwa pia dawa ya dripu kwa ajili ya sonona ya akina mama baada ya kujifungua, na mwaka 2023 ikafuata ya vidonge vya siku 14 kwa ajili ya mama hao hao. Tusiisahau pia tiba ya umeme iliyoanza Roma mwaka 1938, ambayo siku hizi mgonjwa huifanyiwa akiwa amelazwa usingizi. Mwaka 2023 ulichapishwa utafiti ulioilinganisha na ketamini kwa wagonjwa wenye sonona sugu wasiokuwa na dalili za kuchanganyikiwa. Baada ya wiki tatu, asilimia 55 ya waliopewa ketamini walikuwa wamepata nafuu kubwa, na asilimia 41 ya waliopewa tiba ya umeme.

MAMBO HAYA MAWILI YANAPOKUTANA

Mchochota na ketamini vinahusianaje? Nitaeleza kwa jinsi nilivyoelezwa.

Katika chakula chetu, kama maharage, mayai na karanga, kuna kirutubisho kiitwacho triptofani. Mwili hukitumia, pamoja na mambo mengine, kutengeneza kemikali ya ubongo inayosaidia utulivu wa moyo. Mchochota unapodumu, sehemu ya triptofani huchepushwa njia nyingine, na mwisho wa njia hiyo hutoka tindikali inayochokoza chembe za ubongo. Tindikali hiyo hufungua kupita kiasi mlango mmoja maalumu katika chembe hizo. Mlango huo huo ndio ambao ketamini huuziba.

Kwa hiyo wataalamu wakajiuliza kama ketamini inawafaa hasa wale ambao sonona yao imetokana na mchochota. Mwaka 2013 ulichapishwa utafiti wa panya waliochomwa sindano ya kuamsha mchochota. Panya hao walizubaa na kuonyesha dalili zinazofanana na sonona, lakini waliopewa ketamini dalili hizo ziliwatoka. Jambo la kushangaza ni kwamba saitokini zenyewe hazikupungua. Ni kama nyumba yenye jiko linalofuka: ketamini haikuzima jiko, bali ilifunga mlango ili moshi usiingie chumbani.

Kwa binadamu habari bado haijakamilika. Baadhi ya tafiti ndogo zimeonyesha kwamba wenye dalili za mchochota katika damu huitikia ketamini vizuri zaidi, na nyingine hazikuona hivyo. Hakuna kipimo cha damu ambacho leo kinamwambia daktari, "Huyu mpe ketamini, yule usimpe."

TAHADHARI KWA WAJUMBE

Najua semina ikiisha, habari zitafika kijijini kabla yetu. Kwa hiyo naomba mambo manne yasikosewe.

Kwanza, asiende mtu kununua dawa za maumivu dukani akidhani anatibu sonona. Dawa hizo zikitumika ovyo huumiza tumbo na figo, na utafiti wa Atlanta umetuonyesha kwamba kuzima mchochota kwa mtu asiyekuwa nao hakumsaidii.

Pili, kipimo cha CRP hakipimi sonona. Huku kwetu mtu anaweza kuwa na CRP ya juu kwa sababu ya malaria, nimonia au kidonda, na mwingine mwenye sonona kali akawa nayo ya chini kabisa.

Tatu, ketamini si ya kuchezea. Hupandisha shinikizo la damu, huweza kumfanya mgonjwa aone kama ametoka katika mwili wake, na wanaoitumia kama kilevi huharibika kibofu cha mkojo. Hata huko Marekani esketamini haipelekwi nyumbani. Mgonjwa huipuliza mbele ya mhudumu katika kituo kilichosajiliwa, na huangaliwa kwa saa mbili au zaidi.

Nne, asiachishwe mtu dawa anazotumia kwa sababu amesikia kuna mpya.

NAZIJIBU BARUA MBILI

Kwa rafiki yetu wa ng'ambo nasema asante kwa upendo wake, na kwa heshima namwomba asituletee dawa hiyo. Ni ya bei kubwa, inahitaji kurudiwa mara kwa mara, na inadai chumba, mhudumu aliyefunzwa na daktari wa kufuatilia. Tukiinunua kwa mchango wa mwaka mmoja, mwaka wa pili tutawaambia nini wagonjwa walioanza kuitegemea? Uamuzi wa kutumia ketamini kwa sonona ni wa madaktari bingwa na hospitali kubwa, si wa ofisi ya miradi ya dayosisi. Siku wataalamu wetu watakapotuomba tuwasaidie katika hilo, tutakaa na kusikiliza.

Lakini nataka aelewe pia kwa nini barua ya pili ni ya dharura kama ya kwanza. Rafiki yetu ameguswa na dawa inayofanya kazi kwa saa mbili badala ya wiki sita. Mzee wetu wa kanisa alikaa miezi 14 kabla hata ya kufika kwenye hizo wiki sita. Katika miezi hiyo hakukosa dawa iliyotoka Marekani. Alikosa mtu wa kumwuliza kama analala, alikosa mtu wa kumwambia kwamba huo ni ugonjwa, na baadaye, alipokwisha kuanza tiba, kuna mwezi alikosa kliniki kwa sababu ya nauli. Huo ndio ucheleweshaji tunaoweza kuuondoa sisi, na hatuhitaji kumsubiri mtafiti yeyote.

Shirika la Afya Duniani linasema kwamba katika nchi zenye kipato cha chini na cha kati, zaidi ya watu 75 katika kila 100 wenye sonona hawapati tiba yoyote. Kwa hiyo mzee wetu hakuwa wa pekee.

Na yapo yanayowezekana. Jirani zetu wa Rakai na Masaka, kusini mwa Uganda, walionyesha hivyo. Katika vijiji 30 vilivyokuwa vimepigwa vibaya na UKIMWI, watu wa kawaida waliofundishwa kwa muda mfupi waliongoza vikundi vya wagonjwa wa sonona. Vikundi vilikutana mara moja kwa wiki, kwa wiki 16, wakizungumzia misiba, magomvi na mabadiliko ya maisha. Matokeo yalichapishwa mwaka 2003. Katika vijiji vyenye vikundi, waliobaki na sonona walikuwa asilimia 6.5. Katika vijiji visivyokuwa navyo walikuwa asilimia 54.7. Huko Zimbabwe, kuanzia mwaka 2006, daktari Dixon Chibanda aliwafundisha akina bibi kukaa na wagonjwa kwenye benchi nje ya zahanati na kuwasaidia kutatua shida moja moja. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba waliokaa kwenye benchi walipata nafuu kuliko waliopewa huduma ya kawaida.

Wala kwa Kanisa letu kazi hii si ngeni. Lutindi, katika milima ya Usambara, yalianzishwa mwaka 1896 makao ya watoto waliookolewa utumwani, na mwaka 1904 yakaanza kupokea wagonjwa wa akili. Wazee wetu wa imani walipanda mlima na wagonjwa ambao wengine waliwafunga kamba.

Kwa hiyo naziomba kamati zetu mambo matatu, nayo nimeyaweka katika bajeti mtakayoijadili mchana.

La kwanza ni maswali. Kila mjumbe anayemtembelea mshirika aliyeacha kuja ibadani amwulize: Unalala? Unakula? Kuna kitu bado kinakufurahisha? Na asiogope kuuliza la mwisho: Umewahi kufikiria kujitoa uhai? Kuuliza hakumpandikizii mtu wazo hilo. Akijibu ndiyo, asiachwe peke yake, vitu vya hatari viondolewe karibu naye, na afikishwe hospitali siku hiyo hiyo.

La pili ni kutotenganisha mwili na moyo. Anayemeza dawa za kifua kikuu au za UKIMWI, mwenye kisukari, mama aliyejifungua karibuni, wote waulizwe maswali hayo. Na anayeonekana kuwa na sonona apimwe pia mwili wake, maana upungufu wa damu, ugonjwa wa tezi ya shingo au maambukizi yaliyojificha huweza kumlegeza mtu vivyo hivyo.

La tatu ni mfuko wa nauli katika kila jimbo, pamoja na mafunzo kwa watu wawili kutoka kila usharika watakaoongoza vikundi. Usharika utoe sehemu, na wafadhili waongeze. Kila robo mwaka tutawaandikia katika kurasa hizi wangapi wamefika kliniki, wangapi wameacha, na kwa nini.

ELIA CHINI YA MTI

Namalizia na Neno. Nabii Elia alikuwa ametoka kwenye ushindi mkubwa mlimani Karmeli. Muda mfupi baadaye tunamkuta jangwani, amelala chini ya mti, anamwomba Mungu aichukue roho yake. Kama kamati yangu ya siku zile ingemtembelea, nafikiri tungemwambia atubu. Malaika hakumhubiria. Alimgusa, akampa mkate na maji, akamwacha alale tena, kisha akamgusa mara ya pili na kumlisha tena. Maswali juu ya kazi yake na wito wake Mungu aliyaleta baadaye, Elia alipokwisha kupata nguvu.

Hata Dk. Martin Luther, ambaye jina lake tunalibeba, alipitia vipindi vya giza zito moyoni. Mwaka 1530 alimwandikia kijana mmoja aliyekuwa akiteswa na huzuni, akimshauri akimbie upweke na kutafuta watu wa kukaa nao. Hakumwambia kwamba si Mkristo.

Yule mzee wa kanisa amekubali kuwa mmoja wa watu wawili wa usharika wake watakaofundishwa. Aliniuliza kama mtu aliyewahi kufanya kama alivyofanya yeye anaruhusiwa. Nilimjibu kwamba mimi sioni kizuizi, ila uamuzi ni wa kamati ya usharika wake. Wajumbe wa usharika huo mpo hapa ndani, na mnajijua. Naomba mtakaporudi nyumbani mumpe jibu mapema, kwa maana safari hii hatupaswi kumfanya asubiri.